Mkono Usiothubutu Kusogea

Katika sura ya pili ya Do No Harm, kitabu cha daktari Mwingereza Henry Marsh kilichotoka mwaka 2014, pana mahali ambapo hakuna kinachotendeka, na hapo hasa ndipo msomaji anapobana pumzi. Fuvu limeshafunguliwa, hadubini imeshavutwa juu ya jeraha, mshipa uliovimba umeshapatikana na klipu imeshaubana shingoni. Kilichobaki ni koleo kuiachia klipu ili daktari alitoe. Haliachii. Akilivuta, huenda mshipa ukachanika na damu ikafurika. Akilegeza mkono, yatatokea yaleyale. Basi anasimama tu, mkono umeganda, na masimulizi nayo yanasimama.

Nataka kukisoma kifungu hiki kama tunavyosoma kilele cha hadithi fupi, kwa kuuliza kimejengwa vipi. Tumezoea kuambiwa kwamba maandishi ya madaktari yanavuta kwa sababu ya yaliyomo: damu, kifo, siri za thieta. Sikubali. Kumbukumbu za upasuaji zimejaa damu na hakuna anayezisoma kwa raha. Walter Dandy, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliifunga shingo ya aneurisimu kwa klipu ya fedha tarehe 23 Machi 1937, jambo ambalo halikuwahi kufanywa, na mwaka uliofuata akachapisha taarifa yake. Ni tukio kubwa katika historia ya tiba. Lakini taarifa ile ni taarifa: mgonjwa ana umri na dalili, daktari hana mapigo ya moyo. Marsh anasimulia kazi ileile, na msomaji asiyejua ateri wala vena anashindwa kukiweka kitabu chini. Tofauti iko kwenye msuko.

Kwa wasiokutana nayo, aneurisimu ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyodhoofika ikatuna, kama mpira wa baiskeli unavyochomoza pale tairi lilipochakaa. Ikipasuka ndani ya kichwa, wengine hufa kabla ya kufika hospitali, na wanaofika wengi huishia na kiharusi au ulemavu. Ikiwa haijapasuka, mwenye nayo anaweza kuishi nayo miaka yote bila kujua. Klipu ni kibanio kidogo cha chuma, siku hizi mara nyingi cha titani, kinachobana shingo ya uvimbe ili damu isiingie tena ndani yake huku ikiendelea kupita kwenye ateri yenyewe.

Marsh hatuelezi hivyo. Kila sura ya kitabu chake inafunguka kwa istilahi moja na fasili fupi ya mtindo wa kamusi. Fasili ya aneurisimu ni baridi kabisa: kutanuka kwa ukuta wa mshipa, basi. Kisha sura inaanza. Mbinu hii inaonekana ndogo, pengine hata ya kujionyesha, lakini inafanya kazi. Inaweka mbele yetu lugha ambayo hospitali inaitumia kulizungumzia tatizo, halafu kurasa zote zinazofuata zinaonyesha ni mambo mangapi fasili ile imeyaacha nje. Msomaji anakuwa na kipimo mkononi tangu mstari wa kwanza. Kila woga unaotokea baadaye anaupima dhidi ya ule utulivu wa kamusi.

Na mgonjwa? Hatumpati mapema. Sura inaanza na msimulizi mwenyewe akiwa mwanafunzi wa udaktari, enzi ambazo wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia thieta ya upasuaji wa ubongo. Anachungulia kupitia kidirisha cha mlango na kumwona mwanamke aliyenyolewa kichwa, uchi, amekalishwa wima huku amelala kwa nusukaputi, na nyuma yake daktari mrefu mzee akimpaka dawa kichwani. Ni taswira ya kutisha, na imewekwa pale bila maelezo. Baadaye msimulizi ni daktari mchanga, mwaka mmoja na nusu tangu ahitimu, amekata tamaa na kazi aliyoichagua. Daktari wa usingizi anamwalika aje thieta kusaidia. Anaingia, anatazama aneurisimu ikifungwa chini ya hadubini, anarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba atakuwa daktari wa upasuaji wa ubongo.

Wahakiki wetu hupenda kuziita hatua za namna hii mbinu rejeshi, kisha wakapita. Lakini hapa urejeshi una kazi mahususi. Marsh anataka tulione tendo moja mara mbili: mara ya kwanza kwa macho ya kijana asiyewajibika kwa lolote, mara ya pili kwa mikono ya mzee ambaye kila kitu kiko juu yake. Upasuaji wa kwanza umeandikwa kwa furaha tupu. Kijana anaona mwangaza, ustadi, uzuri wa vyombo. Haogopi, maana hajui cha kuogopa. Miaka 30 baadaye tendo lilelile linarudi, na sasa uzuri ule umejaa hofu. Hakuna sentensi inayotuambia kwamba daktari amebadilika. Mpangilio wa matukio ndio unaosema.

Katikati ya tabaka hizi mbili kuna sentensi moja ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika sura. Baada tu ya kijana kumweleza mkewe uamuzi wake, Marsh anatuarifu kwamba wakati ule hawakuweza kujua kuwa mapenzi yake makubwa kwa kazi hii yangeivunja ndoa yao miaka 25 baadaye. Anasema hivyo na kuendelea na mengine. Ndoa hairudi tena katika sura hiyo. Mwandishi mwingine angeifanya kuwa kisa kizima, angetafuta machozi. Marsh anaitupa kama mtu anayetaja bei. Tangu hapo, hata hivyo, msomaji anajua kwamba msimulizi huyu hafichi gharama, na atamwamini atakapofika kwenye hatari za kitabibu. Ni uaminifu ulionunuliwa kwa sentensi moja tu.

Sitiari kuu ya sura ni windo. Marsh anasema wazi kwamba upasuaji wa aneurisimu haukuwa kwake kazi ya utulivu na hesabu, bali ulifanana na kumwinda mnyama hatari: kunyemelea, kukaribia bila kumshtua, kisha ile sekunde ya kumkabili. Kiufundi sitiari hii ni sahihi kuliko inavyoonekana. Daktari haukati ubongo ili kufikia aneurisimu nyingi za kawaida. Anapita kwenye nafasi iliyopo kwa maumbile, hasa ule mfereji unaoitwa wa Sylvius kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na ile ya pembeni, akifungua utando uzi kwa uzi na kuacha maji ya ubongo yatoke ili ubongo wenyewe ulegee na kutoa njia. Kunyemelea ndiko huko. Aneurisimu inaweza kupasuka wakati wowote katika safari hiyo, kwa hiyo madaktari hutafuta kwanza kuiweka ateri inayoilisha chini ya udhibiti, kabla ya kuigusa shingo yenyewe.

Nathari ya Marsh inapita njia ya namna hiyo. Haiendi moja kwa moja. Inaingia kwenye upenyo: inasimama kuisifia hadubini, inasimama tena kueleza jinsi vyombo vilivyobadilika, inasimama kwa mzaha wa thieta. Kuna wahariri ambao wangezifyeka hatua hizi za pembeni wakidhani zinachelewesha kilele. Zinachelewesha kweli, na zimewekwa kwa kusudi hilo.

Chukua ile inayohusu koili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Guido Guglielmi na wenzake walileta njia ya kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye ateri ya kinena hadi kichwani, na kuijaza aneurisimu kwa nyuzi laini za platini, ndizo koili, bila kufungua fuvu. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa kimataifa uliohusisha wagonjwa 2,143 wenye aneurisimu zilizopasuka ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kati ya waliotiwa koili na asilimia 30.6 kati ya waliofungwa klipu. Tangu hapo klipu ikaanza kupoteza nafasi. Marsh anaeleza mabadiliko haya bila kinyongo kikubwa: kwa wagonjwa ni heri, kwa madaktari wa kisu ni msiba mdogo. Inasomeka kama taarifa ya pembeni tu. Lakini hesabu inajifanya yenyewe kichwani mwa msomaji. Kama klipu sasa ni chache, basi mkono huu unaokaribia kuifunga aneurisimu haujafanya kazi hiyo mara nyingi siku za karibuni. Taarifa ya kitaalamu imegeuka kuwa chanzo cha taharuki, na Marsh hakulazimika kusema neno hatari hata mara moja.

Kikao cha asubuhi kinachotangulia upasuaji nacho kimepangwa kwa akili. Madaktari wanatazama picha, wadogo wanaulizwa maswali, asilimia zinatajwa kama darasani. Aneurisimu haijapasuka; imegunduliwa kwa bahati tu, mwanamke kijana alipopimwa kwa sababu nyingine. Kuifunga kuna hatari, kuiacha kuna hatari, na hatari moja ni ya leo ilhali nyingine imegawanywa katika miaka yote atakayoishi. Marsh anaiwasilisha hoja hii kwa mazungumzo, na vicheko vimo. Nadhani vicheko vile ni vya lazima. Bila vicheko hivyo kikao kingekuwa mahubiri.

Hapo ndipo ninapomlaumu kidogo. Mwanamke mwenyewe, ambaye kichwa chake ndicho pori la windo hili, anapata maneno machache mno. Anaamua, na uamuzi wake ni wa ujasiri kuliko wa yeyote katika sura: anakubali kufunguliwa fuvu akiwa hana ugonjwa anaousikia. Lakini sitiari ya windo inahitaji wahusika wawili tu, mwindaji na mnyama. Aneurisimu inapewa hila na ubishi, inakuwa na tabia kama mhusika. Mwenye mwili anabaki kuwa mandhari. Marsh si mtu katili, na kurasa nyingine za kitabu zinaonyesha jinsi anavyoumia kwa ajili ya wagonjwa wake. Umbo alilolichagua ndilo lililomsukuma huko.

Turudi kwenye kilele. Kitu kinachomsaliti daktari si aneurisimu, mnyama aliyeandaliwa kwa kurasa zote zile. Ni bawaba ya chombo. Hii ni kejeli ya hali ya juu, na kwa kuwa ni tukio la kweli, sifa inayomstahili Marsh ni ya kujua mahali pa kulisimamisha. Tazama mwendo wa sentensi. Mikono ilipokuwa na kazi nyingi, katika kufungua fuvu na kutanua mfereji, masimulizi yalikimbia. Dakika nyingi zilimezwa na aya moja. Mikono inapokosa kazi, sentensi zinafupika na muda unapanuka. Mazungumzo yanakatika vipandevipande, matusi yanatoka. Daktari wa kawaida angeandika kinyume chake, aeleze kwa kirefu alichokifanya na kwa kifupi alipokwama. Marsh ameligeuza hilo, na ustadi wake wote wa kisimulizi uko katika mgeuzo huo. Hatimaye anafanikiwa, klipu inakaa, mwanamke anaamka salama. Ushindi unapewa nafasi ndogo, na ni vizuri.

Linganisha na Ian McEwan. Riwaya yake Saturday ya mwaka 2005 ina mhusika mkuu ambaye ni daktari wa upasuaji wa ubongo, Henry Perowne, na McEwan alijiandaa kwa kumfuata daktari halisi thieta. Mwanzoni mwa riwaya tunapewa orodha ya kazi za Perowne, aneurisimu ikiwa mojawapo, kwa mmiminiko wa istilahi ambao mwandishi hajishughulishi kuutafsiri. Istilahi zile ni mapambo ya umahiri. Perowne hakosei, chombo hakimkwami, na wakati uliopo wa masimulizi unampeleka mbele kama mtu anayeteleza juu ya barafu. Nathari ni safi, lakini haina kitu hatarini. McEwan amejifunza thieta vizuri hata akasahau kwamba fundi halisi hukumbuka zaidi siku ambayo chombo kilimgomea.

Ila hata umbo la Marsh lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana ukilipeleka kwenye aneurisimu ngumu zaidi. Windo linahitaji shingo ya kubana. Zipo aneurisimu zisizo nayo. Zipo zinazozidi milimita 25, zinazoitwa kubwa mno, zikiwa zimejaa damu iliyoganda na kuta ngumu zisizokubali klipu. Zipo ambazo ateri nzima imetanuka pande zote, hivyo huwezi kusema uvimbe unaanzia hapa na mshipa unaishia pale. Zipo ambazo mishipa midogo inayolisha shina la ubongo imechipuka kutoka kwenye uvimbe wenyewe. Ukiibana, mgonjwa anaamka amepooza au haamki kabisa. Leo nyingi kati ya hizi hutiwa bomba la wavu wa chuma ndani ya ateri, ili damu ipite moja kwa moja na uvimbe ugande taratibu kwa miezi. Nyingine hazikubali hata hilo.

Kwa hizo iko njia ya kuchepusha damu. Daktari Gazi Yaşargil alifanya ya kwanza kwa binadamu mjini Zürich tarehe 30 Oktoba 1967: ateri inayopita mbele ya sikio, chini ya ngozi ya kichwa, inavutwa ndani ya fuvu na kushonwa kwenye ateri ya juu ya ubongo. Baada ya ubongo kupata njia mpya ya damu, ateri yenye aneurisimu inaweza kufungwa mbele na nyuma, uvimbe ukabaki umetengwa. Uzi unaotumika ni mwembamba kuliko unywele. Wakati wa kushona, ateri inayopokea huwa imebanwa kwa klipu za muda, sehemu ya ubongo haipati damu ya kutosha, na daktari wa usingizi hupandisha shinikizo la damu na kuutuliza ubongo kwa dawa ili uhitaji kidogo. Mtu anahesabu dakika kwa sauti.

Hapa hakuna mnyama. Hakuna sekunde moja ya kukabiliana. Kuna mishono kumi na zaidi, kila mmoja sawa na uliotangulia, na mmoja ukipitiliza ukashika ukuta wa pili, mshipa unaziba. Taharuki yake ni ya saa, si ya windo, na kwa maoni yangu ni ya kisasa zaidi: kuchoshwa na kuogopa kwa wakati mmoja. Mwandishi wa kuiandika kwa ajili ya msomaji wa kawaida bado simjui. Walioiandika vizuri ni waandishi wa vitabu vya kufundishia. Michael Lawton, daktari Mmarekani, alitoa Seven Aneurysms mwaka 2011 na Seven Bypasses mwaka 2018, na majina hayo mawili ni somo la umbo. Cha kwanza kinapanga aneurisimu kwa mahali zilipo, saba zinazokutwa sana, kila moja na njia yake ya kufikiwa. Ni ramani ya mawindo. Cha pili hakijali mahali. Kinapanga kwa namna ya kuunganisha: kuleta damu kutoka nje ya fuvu, kuziunganisha ateri mbili jirani ubavu kwa ubavu, kukata kipande kibovu na kushona ncha zilizobaki, na kadhalika hadi michanganyiko. Kutoka nomino za mahali tumehamia kwenye vitenzi. Tatizo gumu limemlazimisha mwandishi kubadili faharasa ya kitabu chake, na sioni ushahidi ulio bora zaidi kwamba ufundi na umbo la maandishi husukumana.

Marsh mwenyewe analijaribu umbo jingine katika sura ya 20 kati ya 25, ile iliyopewa jina la Kiyunani la kiburi kinachomponza mtu, Hubris. Hapo ugonjwa si aneurisimu, ni uvimbe mkubwa chini ya ubongo, lakini ateri ni za ujirani uleule unaoogopewa. Saa nyingi zimepita, muziki unapigwa thieta, kazi imekwenda vizuri mno. Anataka kuondoa na kipande cha mwisho. Tawi dogo la ateri linachanika. Mgonjwa haamki tena, na baada ya miaka mingi Marsh anamkuta kwa bahati katika nyumba ya kulelea wagonjwa wa aina hiyo.

Jeraha lenyewe linachukua nafasi finyu sana katika sura hiyo. Koleo lililokataa kuachia lilipewa kurasa; ateri iliyochanika haikupewa hata taharuki, imepita kabla msomaji hajajiandaa, na muda unaopanuka ni ule wa baadaye, wa miaka, ambao hauna kilele chochote. Laiti sura ya pili ingewekwa baada ya hii, tungeusoma ule mkono ulioganda kwa hofu ya aina nyingine kabisa. Marsh ameiweka sura ya pili mwanzoni, ambapo bado tunaamini kwamba kusubiri kwa makini huzaa matunda. Ni uamuzi wa mtunzi hodari, na bado naona kwamba sura ya 20, yenye mbinu chache na isiyojali kutuvuta, ndiyo iliyoandikwa vizuri zaidi.